Somo la Mkaguzi

Miaka ile ya hamsini, kule Werugha, sisi walimu tulikuwa na kazi chungu nzima, na kufundisha ilikuwa mojawapo, nafasi ikipatikana. Siwatanii jamani. Kila somo liandikwe kabla ya kufundishwa, liandikwe tena baadaye, matuta ya shamba la shule yanyooke, na mawe ya njiani yapakwe chokaa. Mwalimu mkuu wetu alimwogopa mkaguzi kuliko kiama.

Muhula ule alikuwa na sababu. Mkaguzi akiridhika, tungepewa darasa la tano. Asiporidhika, watoto wangu wa la nne wangeishia hapo, maana shule nyingine ilikuwa mbali mno. Binti yangu alikuwa mmoja wao, nami nilitaka asome, nilitaka kweli kweli.

Basi tukafanya kama wenzetu wote milimani: tukachagua somo moja la kumwonyesha, somo la mito, tukalirudia mpaka watoto wakaliota. Hesabu zikaambiwa zingoje.

Siku ikafika, na ukungu nao ukafika. Mkaguzi alipanda kutoka Voi kwa Landrova, akashuka asione tuta wala chokaa, nusura ajikwae kwenye jiwe letu jeupe. Mwalimu mkuu, maskini, akawa anauonyesha ukungu kwa kidole.

"Pale, bwana, pana kabichi nzuri sana."

Tukaingia darasani. Nikafungua kinywa niulize swali la kwanza, na kabla sijatamka neno darasa zima likapaza sauti: "Ni Mto Voi, Mwalimu!" Nikaliuliza hivyo hivyo, nifanyeje? Wao walikwisha kulijibu la pili. Lo! Baridi yote ile na jasho likanitiririka.

Mkaguzi aliwatazama, akanitazama, akauficha mdomo kwa kitambaa. Nadhani naye alikuwa amewahi kufundisha.

"Watoto hawa wana haraka," akasema. "Wapeni darasa la tano."

Mwalimu mkuu alishukuru mpaka akakohoa. Kisha tukaambiwa yaliyosalia: darasa hilo nitalishika mimi, pamoja na la nne, na kila wiki nipeleke taarifa ya yote niliyofundisha.

Jioni nilimpa binti yangu habari. Aliruka kwa furaha, akanikumbatia, halafu akaniona nimeinama tena mezani na kalamu yangu.

"Baba, mito tunaijua. Hesabu utatufundisha lini?"

"Ngoja, mwanangu," nikamjibu. "Kwanza nimalize kuandika kwamba nimezifundisha."