Kidole cha Sudi

Shufaa alikuwa barazani kwake Kirongwe, anabangua korosho, simu ilipolia. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaifungua. Kundi la ukoo. Palikuwa na picha ya kaka yake Sudi, ile aliyopiga siku ya Idi, na chini yake mshumaa unaochezacheza, mawaridi yanayofunguka na kujifunga, na maneno: "Inna lillahi. Fundi wetu katutoka." Aliyetuma ni Taufiki, mtoto wa mjomba wao. Watu walikuwa wameshaanza kubandika vikatuni vinavyolia machozi.

Ndivyo alivyojua kwamba kaka yake amekufa.

Kwao msiba hauelezwi hivyo. Hutumwa mtu mzima, akabisha hodi, akaulizia watoto, kisha akasema, "Mgonjwa wako hajambo kidogo, ila unaitwa." Unavaa baibui huku moyo unajua na masikio hayajasikia, na neno lenyewe hulipata ukiwa umeshashikwa na watu. Safari hii aliyetumwa alikuwa jirani yake, Bimkubwa. Alipotokeza, maneno yake yakiwa tayari mdomoni, alimkuta Shufaa amekaa juu ya maganda ya korosho, simu inalia mapajani.

"Hodi jamani. Wazima humu? Nimepita tu..." Akauona uso wa mwenzake. "Nani kakwambia?"

Shufaa akamwonyesha mshumaa.

"Astaghfirullah," akasema Bimkubwa. "Hata kufa siku hizi kuna mapambo."

Sudi mwenyewe angetukana, akamwomba Mungu msamaha, kisha akatukana tena. Alikuwa fundi simu Kilindoni, meza yake ipo kwenye baraza ya duka la Fakhruddin. Wavuvi wa madago, wale wanaopiga kambi ufukweni, walimletea simu zilizokunywa maji ya chumvi, naye alizisugua kwa mswaki na kuzianika mpaka zikaita tena. Lakini kwa mtu aliyekula kwa simu, hakuna aliyewachukia watengenezaji wake kama yeye. Kila asubuhi alizisoma habari za makampuni ya simu na kompyuta kama wengine wanavyosoma za mpira, kisha akamsimulia Fakhruddin kwa sauti ya mtu aliyekuta nzi kwenye mchuzi.

"Bwana Fakhruddin, sikia uchafu huu. Imetoka simu mpya, ina macho manne."

"Ya mwaka jana ilikuwa na mangapi?"

"Matatu. Na zote mbili hazioni haya."

"Chaja je?"

"Wameiondoa kwenye boksi. Ati wanayahurumia mazingira! Betri wameigandisha kwa gundi, ikifa utupe simu nzima, lakini mazingira wanayahurumia. Mtu akuuzie sufuria iliyochomelewa mfuniko, nawe ushukuru."

"Una wivu tu, Sudi. Ungepewa bure ungeikataa?"

"Ningeipokea, nikaifungua kwanza nione walipoficha tamaa yao."

Kilichomchefua kuliko vyote ni akili bandia. Siku moja aliiuliza swali la mirathi. Ikamjibu papo hapo, kwa ufasaha, na mafungu yote ikayakosea.

"Sheikh mkubwa akitoa jibu humalizia Allahu aalam," alimwambia Shufaa. "Hii haijui kutojua. Na mabwana zake wanapanda jukwaani kama mitume, wanaahidi pepo, watu wanapiga makofi."

"Kaka, usiseme mitume."

"Nimesema kama."

Ila ndani ya simu yake mwenyewe mlikuwa na kitu ambacho Shufaa alikihitaji sana: sauti ya mama yao. Marehemu mama hakujua kuandika, hivyo aliwarekodia wanawe dua na kuwatumia kila Ijumaa. Za Shufaa zilipotea aliponunua simu mpya, ile iliyoahidi kwamba kila kitu kitahamia chenyewe. Zikabaki za Sudi peke yake. "Nitakutilia kwenye kadi, mdogo wangu," alikuwa akisema. "Njoo tu." Shufaa hakuwahi kwenda.

Presha ilimwangusha Sudi asubuhi, mezani pake, bisibisi mkononi. Taufiki akamkimbiza hospitali, na huko ndiko alikokata roho. Shufaa alipofika Kilindoni na Bimkubwa, nyumba ilikuwa imejaa, na maji ya kumwoshea yanapata uvuguvugu jikoni. Taufiki akamvuta pembeni ya ua. Alikuwa ameshika simu ya Sudi.

"Dada, pole. Nilituma haraka ili watu wajue."

"Nimejua."

"Sikiliza. Sauti za mama yenu zimo humu. Namba ya siri hakuna anayeijua, lakini inafunguka kwa kidole. Apdeti ya mwisho ilimsumbua mpaka akaweka."

Shufaa akaitazama simu. Kugusa mara moja tu, na mama angesema tena, "Mwanangu Shufaa, Mola akustiri."

"Kidole kipi?" akauliza, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

"Gumba la kulia. Nilijaribu kule hospitali, likakataa, lilikuwa baridi. Nikalipuliza, nikalisugua, wapi. Sasa nimewaomba waoshaji waanze kwa kuliloweka kwenye maji ya moto. Likishika joto tu..."

"Ulijaribu hospitali?"

"Tulikuwa mimi na yeye tu, dada. Hakuna aliyeona."

 Shufaa alimwona akilini Taufiki ameiinamia maiti, anapuliza gumba kama mtu anayewasha jiko.

"Angekuwa hai ungemshika hivyo?"

Taufiki akacheka kidogo kwa haya. "Angenichoma bisibisi."

"Maiti hustiriwa kuliko aliye hai. Nipe."

Akaipokea, akaibonyeza pembeni mpaka kioo kikawa cheusi.

"Dada! Ikizimwa haikubali tena kidole, itataka namba!"

"Najua. Kaka yangu ni fundi."

Akaenda mlangoni mwa chumba cha kuoshea, akasema bila kuchungulia, "Jamani, mwosheni kama Waislamu wenzake. Hakuna kuloweka kitu."

Baada ya kumvisha sanda waliwaita wanawake wa nyumba. Uso ulikuwa wazi, unanukia kafuri. Shufaa akambusu kwenye paji, akamwambia amemsamehe na yeye amsamehe. Wakaufunika. Wanaume wakaliinua jeneza, wakatoka nalo kwa tahlili, na wanawake wakabaki. Aliswaliwa baada ya Alasiri, akazikwa kando ya mama yao. Waliporudi, Fakhruddin alisimama mlangoni, udongo mikononi.

"Tumemlaza, dada. Ubavu wa kulia, uso kibla."

"Alhamdulillahi," akasema Shufaa, na akaingia ndani kusoma Yasini na wenzake.