Abiria Aliyekanyaga Breki

Jumamosi, tarehe 11 Juni 1977, nilikuwa nimepiga magoti uani kwangu Nsemulwa tangu asubuhi, nikibadilisha pedi za breki za mbele za pikapu yangu. Nayaeleza haya kama yalivyotukia. Sikuota, sikuhadithiwa, na mama yangu mzazi alikuwa ubavuni mwangu; ukiwa na shaka, kamuulize.

Pedi zilizotoka na gari kiwandani zilikuwa zimelika hadi karibu na chuma. Mpya niliziagiza Tabora, zikaja kwa treni. Gari langu nalitunza mwenyewe tangu nilipolinunua, na kazi hiyo hunipa raha. Nilirudisha pistoni ndani taratibu, nikapachika pedi, nikakanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, kisha nikazunguka mtaani polepole ili kuzizoesha. Gari lilisimama kila nilipolitaka. Mama, aliyekuwa na haraka ya kurudi Usevya kuwahi mavuno ya mpunga, alicheka sana.

"Waume za watu wako kilabuni, wewe unalala chini ya gari!"

Alasiri tukaondoka. Tulipokwisha kupita Sitalike, mwanamume wa makamo aliyevaa koti la kaki alitupungia mkono. Nikasimama, akaingia, akakaa upande wa mlango, mama akiwa katikati.

"Amahoro, mama," alisalimu kwa Kirundi, kama watu wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi.

"Amahoro, baba. Unafika wapi?"

"Nashuka mteremko tu."

Je, wewe ungeshtuka kwa jibu hilo? Mimi sikushtuka. Kilichonivutia ni mguu wake wa kulia. Kila tulipokaribia kona aliukandamiza sakafuni, kama afanyavyo dereva anapoendeshwa na mwingine.

"Baba, utatoboa gari la mwanangu," mama akamtania. "Hujawahi kuendeshwa na mwanamke?"

"Nisamehe, mama. Mguu wa dereva hauna likizo."

Tulicheka sote watatu.

Mteremko ulikuwa umekwisha kuanza nilipokanyaga breki, na pedali ikazama hadi chini. Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Nikavuta breki ya mkono, haikushika. Nikajaribu kurudisha gia ndogo, ikakataa kuingia, na gari likawa linaserereka lenyewe kuelekea kona iliyopakana na korongo. Mama alianza kusali Salamu Maria. Kufa kwangu sikukuwaza. Niliwaza kwamba ninamuua mama yangu kwa gari nililoliandaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Yule mgeni hakupiga kelele. Alinyoosha mguu, akakandamiza sakafu tupu. Niamini: gari likaanza kupunguza mwendo. Nilisikia pedi mpya zikibana diski, nikanusa harufu yake ya kuungua, na wakati huo miguu yangu yote miwili ilikuwa juu ya pedali iliyokufa. Tulisimama kabla ya kona. Vumbi letu likatufikia, likatupita.

Alishuka, akavunja matawi, akayatandaza barabarani nyuma yetu, kama madereva wafanyavyo gari linapoharibika. Mimi niliingia chini ya gari. Pedi zilikuwa salama. Kilichopasuka ni mpira unaopitisha mafuta ya breki, na kopo la mafuta hayo lilikuwa kavu kabisa. Sasa niambie, breki isiyo na mafuta hubana kwa nguvu gani? Nilipotoka nimuulize yule mgeni, nilikuta matawi tu.

Lori la mchele lilitukuta hapo, likatuchukua hadi Usevya. Gari nililirudia baadaye nikiwa na mpira mpya. Pale pale mteremkoni, kabla hatujaondoka, dereva wa lori aliposikia habari za koti la kaki alivua kofia.

"Huyo ni Nestori wa Katumba, dada. Breki zilimkatikia hapa hapa mwaka juzi. Sisi tukipita huwa tunampigia honi. Nyie hamkupiga?"

"Tulimpa lifti," mama akajibu.

Hadi leo sakafu ya upande wa abiria imebonyea kwa umbo la kiatu. Fundi mmoja alitaka kuinyoosha kwa nyundo, mama akamfukuza. Nami naendesha kwa utulivu nisioweza kuueleza. Lakini nakuonya wewe unayetunza gari lako: usifunge pedi mpya ukaridhika. Upinde ule mpira kwa vidole, uzitazame nyufa zake, kwa maana aliyetushusha sisi huenda asiwe njiani siku yako.

Wiki kadhaa baadaye nilisikia kwamba mke wa Nestori yuko Katumba, na kwamba wapo wanaosema mumewe alikufa kwa uzembe. Nikamwandikia hivi:

"Dada yangu, hatujuani, na sipendi kukutonesha kidonda. Lakini wanaomwita mumeo mzembe hawakupanda naye gari. Mimi na mama yangu tulipanda naye, na tuko hai. Hakuwa na uso wa mtu anayeteseka. Ukitaka kwenda pale kumsalimu, nijulishe. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, na tutashuka polepole."