Matembezi ya Ta Laurian

Ilikuwa saa moja na dakika tano asubuhi. Nina uhakika na saa hiyo kwa sababu redio ya baba, iliyoning'inia kwenye msumari barazani, ilikuwa imetoka kutangaza saa moja kamili na msomaji wa habari alikuwa hajamaliza muhtasari. Kulikuwa na harufu ya nyasi zilizolowa ukungu, zile tulizotandaza chini ya migomba kutunza unyevu, na harufu ya utomvu wa mkungu uliokatwa. Baba alikuwa ndani ya kibanja chetu, shamba letu la migomba, hatua thelathini hivi kutoka nyumbani, mundu mkononi. Nilisikia mundu ukigonga jiwe, kisha sikusikia kitu. Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye nyasi, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake, mdomo umevutwa upande mmoja. Alijaribu kuniita jina langu, Kemilembe, likatoka nusu. Nilikuwa na miaka kumi. Kwa muda mrefu baada ya siku ile sikuweza kusikia chombo kikianguka bila kukimbia kwenda kuangalia.

Majirani walimbeba mpaka barabarani pale Kagoma, wakampakia kwenye gari la kahawa lililokuwa likipita, akapelekwa hospitali kule Rubya. Alilazwa siku tisa. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono ukarudi kiasi. Siku ya kuondoka daktari alimwita mama pembeni, nami nikafuata nimeshika ncha ya kitenge chake. Alisema ni presha. Safari hii amepona, alisema, lakini ya pili huenda isimwache. Ameze dawa kila siku bila kuruka, apunguze sana chumvi, aache pombe, na kila asubuhi atembee nusu saa kwa mwendo wa haraka. Mama aliyarudia maneno hayo yote kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, ili asisahau. Mimi niliondoka na mawili tu: ya pili.

Chumvi ilikuwa jambo la ndani ya nyumba, na mama alilimaliza ndani. Nyumba yetu ilipika chungu kimoja, ndizi na maharage pamoja, kikafunikwa majani ya mgomba. Mama alianza kufunga ndizi za baba kwenye jani lake peke yake, akalitia chunguni juu ya zetu, na chumvi ikaingia chini. Baba alikula akitazama sahani zetu, lakini alikula. Kutembea ndiko kulikotushinda, kwa sababu kulifanyika nje, mbele za watu. Mama aliniagiza nifuatane naye kabla ya shule, asije akaanguka peke yake.

Asubuhi ya kwanza tulitoka mikono mitupu. Kwetu siku zile mtu mzima hakupita njiani alfajiri kwa mwendo wa haraka bila jembe, bila mzigo, ila kwa sababu moja. Hatukufika nyumba ya tatu. Ma Koku, jirani yetu mjane, alitoka mbio akifunga khanga kiunoni.

"Ta Laurian, waitu, usitufiche," alisema, akimwita baba kwa "Ta" ya heshima. "Ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyefariki ni nani?"

"Hakuna aliyefariki. Natembea tu."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Naenda, halafu narudi."

Ma Koku akanigeukia. "Mtoto wangu, baba yako kichwa kinamuuma?"

Kabla ya saa sita mchana wanawake wawili walishafika kwetu na vikapu, tayari kukaa matanga ya mtu ambaye hawakumjua jina. Siku ya pili tulibadilisha njia, tukapita kando ya mipaka ya vibanja, na jioni mzee mmoja alikuja kuuliza kwa upole kama Laurian ana shaka na mahali yeye, mzee, alipopanda alama zake za mpaka. Baba alifedheheka. Hakuwa mtu wa kugombea ardhi, wala hakutaka kwenda nyumba kwa nyumba akieleza kwamba damu yake inakwenda vibaya. Siku ya tatu akaniambia amepata njia. "Mtu anayekwenda kusalimia haulizwi kitu," alisema. Tangu hapo tulikwenda kusalimia.

Ni kweli hatukuulizwa tena. Lakini kwetu kusalimia si kusimama mlangoni. Uliingia, ukaketi kwenye nyasi safi zilizotandazwa sebuleni, ukaletewa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, na kuzikataa kulikuwa sawa na kumwambia mwenye nyumba kwamba unaogopa atakulisha sumu. Baada ya kahawa kilikuja kitu cha mkononi: karanga za chumvi, samaki mkavu aliyebaki jana, na kwa kuwa ulikuwa msimu wao, senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa mpaka wakameta, chumvi imewaganda miguuni. Kwa Ta Bonifasi, mmoja wa majirani hao, kulikuwa na rubisi, pombe ya ndizi, hata asubuhi. "Kidogo tu," baba alisema kila mara, na kidogo kile kilikuwa kikubwa kuliko alichokinywa kabla hajaugua. Nusu saa ya kutembea ikawa dakika kumi za njia na saa nzima ya kukaa. Nyumba tano, siku nyingine sita. Alirudi amechangamka, jasho kwenye paji, mama akalitazama jasho lile kwa furaha, akidhani ni la mwendo.

"Usimwambie mama yako," baba alinisihi, tukiwa tunashuka kutoka kwa Bonifasi. Hakunitisha. Alinishika bega kwa ule mkono wake dhaifu, nikaahidi. Ahadi hiyo niliilala nayo na kuamka nayo. Nilihesabu pumzi zake kupitia ukuta wa chumba. Darasani niliposikia gari barabarani nilidhani linambeba. Kila nyumba waliponipa kahawa za kutafuna sikutafuna. Nilitia moja kwenye mfuko wa sweta, moja kwa kila nyumba, bila kujua bado ni za nini. Nadhani nilitaka tu pawe na kitu kinachojua idadi, kisiwe mimi peke yangu.

Siku ya saba ya kusalimia, kwenye kilima kifupi cha kurudia nyumbani, baba alisimama akaushika mti wa mruhura. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alisema ni jua, na jua lilikuwa limefunikwa na mawingu. Nilisubiri mpaka akatembea tena. Nyumbani nilimkuta mama akimenya ndizi. Nilikuwa nimeahidi kutosema, nami sikusema. Nilimwaga kahawa zote kwenye mkeka mbele yake.

Mama alizitenganisha kwa ncha ya kisu. Zilikuwa thelathini na saba.

"Hizi ni nyumba?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na kila nyumba alikula?"

Nikaitikia tena, nikaanza kulia. Nilitarajia apige kelele. Aliendelea kumenya mpaka akamaliza mkungu, akanawa utomvu kwa mafuta, kisha akaingia chumbani kwa baba na dumu la lita kumi.

"Kuanzia kesho utateka maji wewe."

"Mimi? Niende kisimani na wanawake?"

"Mwenye maji begani hakaribishwi kukaa. Wala haulizwi nani amekufa."

"Watanicheka, mama Kemi."

"Wacheke. Wakikuzika hawatacheka?"

Kisima kilikuwa chini bondeni, na kupanda kwake kulimtoa jasho kijana. Kuteka maji kulikuwa kazi ya wanawake na watoto. Sikuwahi kumwona mwanamume mwenye watoto akifanya hivyo ila mkewe awe amejifungua. Wasichana wa kisimani walitupisha tulipofika. Ta Bonifasi alitusubiri pale njia inapopita mbele ya nyumba yake.

"Laurian! Umeolewa lini? Mbona hatukuitwa kula mahari?"

Watu wakacheka. Baba alisimama na nusu dumu kwenye bega la kushoto, na nikaona mkono wake ukitaka kulitua. Kama angelitua pale, najua asingelibeba tena. "Mahari bado inalipwa," alijibu hatimaye. "Ndiyo hii." Wakacheka zaidi, lakini kicheko kilikuwa kimehama upande, naye akapita bila kukaa. Mwezi wa pili dumu lilijaa. Mwezi wa nne daktari alirudia kipimo, kwa kutoamini, kisha akamwuliza baba anafanya kazi gani. Baba aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo.

Sasa mimi nina umri aliokuwa nao baba, naishi Bilele, Bukoba mjini, na presha ni yangu. Kipimo changu kiko juu ya kabati. Nimejifunza kukisoma kwenye vijitabu vya kliniki, na kila asubuhi naandika namba mbili kwenye daftari nikiwa na hofu ileile. Bomba liko uani. Natembea saa kumi na mbili kuelekea ufukweni na kurudi, mikono mitupu, pamoja na watu waliovaa raba na vitu vya kusikilizia muziki masikioni. Hakuna anayetoka nyumbani kwake kuniuliza ni nani aliyefariki. Mwanzoni niliona huo ni uhuru. Halafu nikawaza kwamba ningeweza kuanguka saa moja na dakika tano na kuokotwa saa nne. Nikaanza kusalimia tena, kwa kusimama, jina kwa jina, kila niliyemkuta njiani.

Wiki iliyopita mvua ilinizuia siku mbili. Siku ya pili mlango uligongwa. Alikuwa Bi Zuhura, anayeuza vitumbua karibu na msikiti, mwavuli mkononi, gauni limelowa hadi magotini.

"Hukupita jana, hukupita leo," alisema, akinikagua kutoka kichwani hadi miguuni. "Nikasema nije nikuone."

Nilimkaribisha akaketi. Sikuwa na kitu ila chai isiyo na sukari. Aliionja, akakunja uso, akainywa yote.