Miti Niliyoipaka Rangi Nyekundu

Rangi niliinunua Masasi. Dukani zilikuwepo mbili, nyekundu na ya maziwa, nami nikajiambia, kisomi kabisa, kwamba ya maziwa haitaonekana vizuri kwenye gome.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia. Mwenzangu wa chuo kikuu, aliyeendelea kusoma wakati mimi nikiendelea kusahihisha mitihani, aliniomba nimsaidie kuchunguza mabaki ya msitu wa zamani kwenye mteremko chini ya Mkunya, wilayani Newala: mimea gani imebaki, na imebaki wapi. Nilikubali upesi. Eneo lile ni la ukoo wa mama yangu na mjomba ndiye msimamizi wake, nikadhani hilo lingerahisisha mambo.

Kazi ilikuwa kushuka na kamba, kila hatua hamsini kuzungushia mraba na kuandika kilichomo. Juu ilikuwa mikorosho. Chini, kuelekea bonde la Ruvuma, miombo ya kawaida. Katikati, kwenye korongo moja linalotazama mashariki, ambako ukungu hukawia asubuhi, niliukuta mti mfupi wenye majani ya kung'aa na jina la Kilatini refu kuliko shina lake. Mjomba aliuita mti wa mipini. Kwingine kote nilikopima haukuwepo. Nilihesabu miti kumi na mmoja. Kila mmoja nikaupaka namba, na chini ya namba nikaweka alama ya X pale pa kupimia unene. Kisha shule zikafunguliwa, nikarudi kwenye chaki zangu.

Likizo iliyofuata nilikwenda kupima tena. Nilikuta visiki kumi na kimoja.

Mjomba alinipokea nyumbani kwake kwa furaha ambayo sikuielewa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Mwalimu. Tumewahi!"

"Mmewahi nini?"

"Wasitukute. Wewe si ndiye uliyetuwekea X?"

Kila aliyepita Newala anaijua X nyekundu. Ikiwa ukutani, barabara inapanuliwa na nyumba inavunjwa. Kwa mjomba mambo yalikuwa wazi: mpwa wake analipwa na serikali, ametumwa kuweka alama, na kwa huruma ya damu ametangulia tingatinga ili ndugu zake wavune chao mapema. Alikuwa amewaita majirani. Mipini ilipangwa ukutani, imechongwa vizuri.

Mkewe alicheka mpaka akaweka chini ungo wa muhogo. "Mwalimu, miaka yote hiyo ya chuo hujui X? Mbuzi wangu wakiiona wanahama!"

Nilisubiri nihisi kitu. Nilishuka korongoni, nikapima visiki kumi, nikaketi kwenye cha kumi na moja, kisha nikainuka nikapima na hicho. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko kawaida. Nilijaribu kukumbuka sura ya mti mmojawapo ukiwa umesimama, nikakumbuka namba yake tu.

Mjomba alikuja nyuma yangu. "Kuna mmoja hukuuona," akasema, akanipeleka nyuma ya mwamba uliofunikwa na mizizi. Ulikuwepo, umejikunja kutafuta mwanga, una matunda madogo mabichi.

"Huu hauna X," alisema. "Ndiyo maana tumeuacha. Sasa niambie, ni wa serikali au wetu?"

Kopo la rangi lilikuwa mkobani. Kifaa cha kurekodi mahali kilikuwa mkononi, kimewashwa. Nikiuandika, mwenzangu angekuwa na nukta moja kwenye ramani yake, na nukta ingeleta wapimaji wengine, na wapimaji wangeleta alama zao. Nisipouandika, ramani ingesema mti huu umetoweka kwenye mteremko wote, na uongo huo ungekuwa wangu.

"Ni wenu," nikasema.

"Una hakika? Hawaji?"

"Hawaji. Lakini msiuguse, mjomba."

"Tuuguse wa nini? Mipini tunayo hadi wajukuu."

Nilizima kifaa. Kwenye karatasi niliandika: korongo la mashariki, visiki kumi na kimoja, mti hai hakuna. Mjomba alichungulia begani kwangu. Kusoma anajua.

"Umeandika haupo."

"Ndiyo."

"Na mwenzako akikuuliza?"

"Nitamwambia nilitafuta."

Alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali, akachukua kamba yangu akaitundika begani. Alinitangulia kupanda, akiyashika matawi yasinichape usoni.