Cheti Kilichosomewa Usiku

Kwa miezi minne mizima niliamini kwamba Wamarekani wana mashine inayojua kama cheti kimesomewa mchana au usiku. Unakilaza cheti juu ya kioo, mashine inavuta pumzi, inamulika, basi. Kama mwenye cheti alisoma asubuhi na wenzake, amevaa sare na kushika ufagio wa zamu, nakala inatoka nyeupe pee. Kama alisoma usiku, inatoka nyeusi tii. Na hakuna rufaa.

Habari hizi alinipa mwenye steshenari ya Dunda, hapa Bagamoyo, jirani yangu wa kibanda kwa kibanda, mtu ambaye hajapata kufika mbali kuliko Chalinze lakini mambo ya Marekani anayajua kumshinda rais wao. Sikumwamini hivi hivi, mimi si mjinga kiasi hicho. Nilidai ushahidi. Akachukua cheti changu cha kidato cha nne, akakilaza kwenye mashine yake ya kutolea kopi, akabonyeza. Karatasi ikatoka nyeusi kama kaniki. Akakigeuza, akabonyeza tena. Nyeusi. Kisha akachukua cheti changu cha kuzaliwa, akakipitisha palepale, kikatoka cheupe, hata muhuri unasomeka.

"Unaona?" akasema. "Ulizaliwa mchana."

Na kweli nilizaliwa mchana, saa sita, mama yangu amenisimulia mara zisizo idadi. Baada ya hapo ningebisha nini?

Mimi ni fundi wa majokofu. Shule niliiacha kidato cha pili nikaingia kwenye ufundi, na nilipokwisha kuwa na mke na watoto wawili ndipo nikarudi darasani, shule ya jioni, saa kumi na mbili hadi saa tatu. Tuliazimwa darasa la watoto wa shule ya msingi, na madawati yao yalikuwa mafupi mno hata magoti yangu yakakaribiana na masikio. Mwalimu akiuliza swali, magoti yalisikia kwanza. Umeme ukikatika tulisoma kwa tochi za simu, na mbu wa Bagamoyo ni wakubwa, mmoja akitua kwenye daftari mstari mzima hausomeki. Miaka minne. Nikafaulu. Sikufaulu kwa kishindo, lakini Hisabati nilipata D, na kwetu alichinjwa kuku.

Marekani ilinijia kupitia chumba cha baridi. Nilikuwa nakifufua kimoja katika hoteli ya ufukweni, njia ya kwenda Kaole, na mgeni mmoja, mzee wa Kimarekani aliyevaa kaptula, akasimama kunitazama mpaka nikajipapasa mifuko nione kama nimechukua kitu chake. Mwishowe akaniuliza nimejifunzia wapi.

"Kwa kuharibu," nikamwambia. "Nimeharibu friji za nusu ya wilaya hii ndipo nikajua."

Akacheka, akaniambia kwamba mjini kwao kipo chuo kidogo, cha miaka miwili, cha watu wa kawaida na si cha mabingwa, na kinafundisha hayo hasa: majokofu makubwa, mitambo ya barafu, vyumba vya kuhifadhia samaki. Akaniandikia anwani ya tovuti yao nyuma ya risiti ya chakula.

Usiku huo sikulala. Kila fundi wa pwani hii anaweza kutengeneza friji ya soda. Lakini chumba cha samaki kikizimika anaitwa fundi kutoka Dar, na kabla hajavuka Mto Mpiji samaki wameshaanza kujieleza wenyewe. Nilitaka niwe mimi yule anayeitwa. Suala la ada lilikaliwa kikao na ndugu wa pande zote mbili, likapita, sitarudi huko. Iliyobaki ilikuwa fomu.

Fomu niliijaza kwenye simu siku tatu. Ilikuwa na maswali ambayo hata Munkari na Nakiri, malaika wa kaburini, nadhani, hawayaulizi. Wale hawahitaji msimbo wa posta. Nilipofika kwenye elimu, nikaandika jina la shule na mwaka wa mtihani, nikanyamaza. Mambo ya jioni sikuyagusa. Nikaambatisha ile nakala nyeusi, maana sikuwa na nyingine, nikaomba Mungu mashine yao iwe mbovu.

Baada ya wiki chache ikaja barua kwa njia ya imeili kutoka kwa mama mmoja wa ofisi ya udahili. Alikuwa na adabu sana. Alisema kati ya kuacha kwangu shule na kupata cheti ipo miaka kumi na mmoja, na fomu haielezi. Nilete barua ya mwalimu yenye kuonyesha nilisoma wapi, siku ngapi kwa wiki, saa ngapi hadi saa ngapi. Nilipewa wiki mbili. Zikipita, jalada langu lingefungwa mpaka mwaka mwingine.

Nikampelekea mwenye steshenari simu yangu aisome barua.

"Nilikwambia," akasema. "Wameshakunusa. Andika ulikuwa unaumwa."

"Miaka kumi na mmoja?"

"Magonjwa yapo, fundi."

Nikaenda kwa mwalimu wangu wa jioni. Nilimkuta shambani kwake anapalilia mihogo, shati kalining'iniza kwenye mti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Friji ya nani imekufa?"

Nikamweleza shida yangu, kwamba nataka barua, na barua yenyewe iseme nilisoma mchana. Hakuacha jembe.

"Ulisoma mchana?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa niandike nini?"

Akamaliza tuta, akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na karatasi ya mistari. Aliandika taratibu, kwa mwandiko ule wa walimu wa zamani ambao ukiutazama unasikia fimbo. Kwamba nilisoma kwake miaka minne, siku tano kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu. Kwamba sikukosa ila siku moja alipozaliwa mtoto wangu wa tatu, na hata siku hiyo nilifika nusu saa ya mwisho. Hili la mwisho nilikuwa nimelisahau. Akatia sahihi, akanipa mihogo miwili, akarudi shambani.

Mwenye steshenari ndiye aliyeichapa kwa Kiingereza. Alichapa haraka, kisha vidole vikasimama.

"Fundi, njoo usome hapa."

Nikasoma. Kumi na mbili hadi tatu.

"Kwao kumi na mbili ni saa sita yetu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu. "Jua la utosi. Mama huyu akisoma barua hii anakuona uko darasani mchana kweupe, jasho linakutoka."

"Lakini si kweli."

"Kipi si kweli? Mwalimu kaandika saa ngapi? Kumi na mbili. Mimi nimeandika ngapi? Kumi na mbili. Nioneshe uongo uko wapi, weka kidole."

Nikatafuta mahali pa kuweka kidole. Nilitafuta kwa dhati, mstari kwa mstari. Sikupata. Tukaituma.

Siku mbili nilitembea kama mtu aliyekwisha panda ndege. Siku ya tatu furaha ikanizidi, nikamsimulia mke wangu, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Kwa hiyo wanajua ulisoma mchana," akasema.

"Hawajui. Wamesoma tu."

"Na wewe ulitaka wasome hivyo."

"Mimi nimetaja saa zetu."

"Basi waambie ni saa zetu."

"Nikiwaambia, mama watoto, watanikataa."

Akakuna kidogo, akageuza kifuu. "Wakikukataa utabaki hapa, utatengeneza friji, tutakula. Usipowaambia utakwenda kule ukae miaka miwili unaogopa saa ya ukutani." Kisha akasema, bila kuinua macho, "Na mimi niliyekuwekea chakula kwenye hotpoti miaka minne, nilikuwa nakuwekea cha mchana?"

Nikajaribu mzaha, nikamwambia kwamba kwetu siku huanza magharibi, kwa hiyo aliyesoma baada ya adhana amesoma asubuhi na mapema ya siku ya pili. Akasema hilo nalo nikawaandikie.

Sikuliandika. Niliketi kibandani kabla ya alasiri, nikamwandikia yule mama kwa Kiingereza changu mwenyewe, nacho cha D. Nikasema saa zilizo kwenye barua ni saa za kwetu, tunazohesabu tangu jua kuchomoza na tangu kuzama. Kwa hesabu yenu ni saa sita ya jioni hadi saa tisa ya usiku. Nimesoma usiku, miaka yote minne, na mchana nilikuwa natengeneza friji. Samahani kama mlinielewa vingine. Nikabonyeza kabla mkono haujabadili mawazo.

Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nilimfungia mteja kompresa kinyumenyume, friji ikawa inapika. Mwenye steshenari alipita mlangoni kila asubuhi akitikisa kichwa kama anayepita msibani. "Shimo umelichimba kwa mikono yako," akasema, "na koleo umenunua mwenyewe."

Wiki ya tatu mama yule akaomba tuzungumze kwa video. Kwangu ilikuwa alasiri, kwake asubuhi. Alivaa sweta, mbele yake kikombe. Nikamsabahi, nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za baridi ya huko, na yeye, namsifu kwa hili, akajibu moja baada ya jingine, akaniuliza na zangu. Alisema wiki mbili zilizopita alikuwa likizo. Mimi masikio yalikuwa kwingine. Nikashindwa kungoja.

"Mashine imesemaje?" nikamuuliza.

"Mashine gani?"

Nikamweleza yote, kuanzia kopi nyeusi hadi cheti cha kuzaliwa kilichotoka cheupe. Nyuma yangu mwenye steshenari alikuwa ameganda mlangoni, shingo imerefuka. Mama yule akainua kikombe, hakunywa, akakiweka.

"Hakuna mashine," akasema. "Maombi nayasoma mimi. Cheti chako kilifika cheusi kwa sababu karatasi za vyeti vya mitihani hutengenezwa hivyo, ili watu wasizitolee nakala za kughushi. Kipige picha kwa simu, mahali penye mwanga, unitumie. Hicho ndicho kilichobaki, nafasi yako ipo."

Akafungua karatasi nyingine upande wake, akaisoma kwanza.

"Na darasa la majokofu uliloomba ni la jioni," akasema. "Wanafunzi wake mchana wako kazini."