Bega Lililofungwa Silo Lililoumia

Mpaka leo nikiona golikipa anafungwa bandeji kwenye televisheni, natoka nje. Mke wangu hucheka. Husema, "Wewe na kinyongo chako, mtazikwa kaburi moja." Na tuzikwe. Mtu akikukosea kwa bahati mbaya unasahau, lakini wale hawakunikosea kwa bahati mbaya.

Nilikuwa golikipa wa chuo kimoja cha biashara hapa Kampala, miaka ile vita vimekwisha na watu wameanza kupaka nyumba zao rangi tena. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, nasi tulilelewa kwenye kota za polisi, ambako kila kabila lilikuja na lugha yake na Kiswahili kikatuunganisha. Chuoni mambo yalikuwa mengine. Ukifungua mdomo kwa Kiswahili, wenzako walikutazama kama askari aliyekuja kukagua vitambulisho.

Ndiyo maana nilishikamana na nahodha wetu. Yeye alikuwa Mkenya, na mama yake alikuwa na duka la sufuria na beseni kule Old Kampala, chini ya msikiti mkubwa ambao wakati huo ulikuwa bado gofu la zege. Tulilala chumba kimoja, tukatumia sabuni moja, na nikiishiwa nilikwenda dukani kwa mama yake kula. Uwanjani yeye alikuwa beki wa kati, mimi nyuma yake, tukipigiana kelele kwa Kiswahili chetu: "Toka!" "Mtu nyuma!" "Yangu!" Timu pinzani zilidhani tumesomea kambi ya jeshi.

Tulikuwa na desturi yetu ya kona. Kona ikipigwa, yeye alisimama mbele yangu, mgongo wake umenigusa kifua, viwiko amevitanua kidogo. Nikisema "Yangu!" nilikuwa naruka nikijua kwamba anayetaka kunigonga lazima apitie kwake kwanza. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hilo. Tulilianza wenyewe, na katika mechi zote tulizocheza pamoja hakuwahi kuniacha wazi.

Kwenye nusu fainali ya kombe la vyuo nilijirusha upande wa kulia kuokoa shuti la chini, nikaangukia bega. Kiwanja kilikuwa kikavu kama sakafu. Bega likachomoka. Wenzangu walinipeleka Mulago, daktari akalirudisha mahali pake, nami nikapiga ukelele hadi wauguzi wakaanza kunicheka. Daktari hakucheka. Aliniambia, "Mkono huu usiunyanyue juu ya kichwa mpaka mimi niseme. Likichomoka tena kabla halijapona, kijana, utalijutia maisha yako yote."

Nilimsikia vizuri sana. Lakini nyumbani mzee alikuwa amestaafishwa, na tulikuwa tumeambiwa tuhame kota. Mama alikuwa ameshaanza kufunga vyombo bila kujua anavipeleka wapi. Na mwalimu wetu wa michezo alikuwa ametuambia kwamba timu ya kiwanda fulani itamtuma mtu wake kwenye fainali kutafuta golikipa. Timu ile ilimpa mchezaji kazi ya kudumu na nyumba. Nyumba, bwana! Nilikuwa tayari kucheza na mkono mmoja mdomoni kama ingebidi.

Mwalimu alinitazama, akamtazama nahodha, akasema, "Basi tutawafunga macho." Hila yake ilikuwa hivi: tufunge bandeji bega la kushoto, ambalo lilikuwa zima kabisa. Wapinzani wakiona wataamini la kushoto ndilo bovu, watanigongea huko, nami nitakuwa salama. Nilimwona mwalimu kuwa mtu mwenye akili kuliko serikali nzima.

Wiki ile yote nilitembea mjini mkono wa kushoto ukiwa kwenye kitambaa shingoni. Nahodha ndiye aliyenifunga kila asubuhi, taratibu, kama mama anayemfunga mtoto nepi. Raha ilikuwa kwa wenzangu, kwa sababu mkono uliobaki huru ndio ulioumia, na watu wa Kampala hawasalimii kwa kupunga. Mtu anakushika mkono, anauliza habari za nyumbani, za masomo, za baba, za mvua, na muda wote huo amekushikilia mkono. Nilisalimiana mji mzima nikitabasamu, machozi yakiwa karibu. Timu ilikufa kwa kicheko.

Siku moja sokoni Nakasero tukakutana na mshambuliaji wa timu tutakayocheza nayo. Huyu alikuwa mtoto wa mwanajeshi, jitu la mtu, mkali kama pilipili. Alifunga katika kila mechi, na hakuna beki aliyewahi kumzuia. Akanishika mkono wa kulia, akauminya, akanitazama usoni. Banange! Niliona nyota mchana. Nikamwambia, "Karibu fainali, ndugu." Akatazama kitambaa cha kushoto, akaniambia, "Pole," akaenda zake. Nahodha akanipiga mgongoni kwa furaha. "Umemweza!" akasema. "Ameingia mzima mzima."

Siku ya fainali nahodha alinifunga bandeji juu ya bega la kushoto, nene, ikachungulia kwenye kola ya jezi ili kila mtu aione. Kisha akanipa glavu. Timu yetu ilikuwa na glavu nzuri jozi moja tu, na hizo zilikuwa zangu kila mechi. Hizi alizonipa zilikuwa zile kuukuu za mazoezi, zimetoboka vidoleni.

"Nzuri ziko wapi?" nikamuuliza.

"Zimefuliwa jana, hazijakauka," akasema. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu vyake. "Vumilia hizo hizo."

Nikavumilia. Kwa nini nisivumilie? Huyu ni mtu ninayelala naye chumba kimoja.

Kabla ya mechi mwalimu alinishika kiwiko, akanipeleka kwa refa. Akamwambia, "Bwana refa, kipa wangu ni mgonjwa, na wale wenzetu wana mtu mkorofi. Naomba umlinde." Refa akaitazama bandeji, akatikisa kichwa, akasema atakayemgusa kipa hewani atamtoa moja kwa moja. Niliona fahari. Nikajisemea, kumbe mwalimu ananipenda hivi.

Mechi ilikuwa bado changa walipopata kona. Nikasimama kwenye mstari, nikaungoja mgongo wa nahodha uje mbele yangu. Haukuja. Nikageuka, nikamwona nahodha amekwenda kusimama kwenye mlingoti wa mbali, mahali asipokuwa na kazi yoyote. Nikamwita. Hakugeuka. Mpira ulikuwa umeshapigwa, unakuja juu, nikapiga kelele, "Yangu!" nikaruka.

Yule jitu hakutazama mpira. Wala hakutazama bandeji. Alikuja na bega lake lote, akanigonga la kulia.

Nakumbuka sauti zaidi ya maumivu. Nilikuwa chini, uso kwenye mchanga, nikasikia filimbi, nikasikia timu yetu inashangilia. Nikadhani labda tumefunga, nimezimia kidogo nikakosa. Kumbe walikuwa wanashangilia kadi nyekundu. Yule mshambuliaji alikuwa anatolewa, anapiga kelele, anatukana. Na mimi nikiwa pale chini nikageuza kichwa, nikamwona golikipa wetu wa akiba anaingia uwanjani. Hakuwa anavaa glavu. Alikuwa ameshazivaa. Zile nzuri. Kavu kabisa.

Walinibeba kwa machela. Nilipopita karibu na nahodha aliniambia "Pole," bila kunitazama.

Tulishinda bao moja kwa bila. Bila yule jitu timu yao ilikuwa kama ugali bila mboga, haikwenda kokote. Kombe walikuja nalo mpaka wodini, wakaimba, wakaniwekea kitandani nilishike kwa mkono wa kushoto. Nikalishika. Nilicheka nao. Zile glavu zilikuwa zinanikwaruza moyoni, lakini mtu akipenda wenzake hujitafutia maelezo, nami nilijiambia pengine jua lilikuwa kali, zimekauka njiani.

Aliyenifumbua macho ni yule yule aliyenivunja. Alikuja siku moja mchana, amebeba machungwa kwenye mfuko wa karatasi, akasimama mlangoni akiwa hajui aingie au arudi. Nilitaka kumtupia bilauri. Akasema kwa kile Kiswahili chetu cha kota, "Mimi sikuja kugombana. Nilikuja kukuona. Mkono iko vipi?"

"Unaonaje?"

Akaketi. Akaanza kumenya chungwa bila mtu kumwomba. "Ile siku ya Nakasero," akasema, "mimi nilikushika mkono, nikakuangalia kwa macho. Haki ya Mungu, nilijua ni ya kushoto. Kama si ile mutu yenu, mimi ningekupiga kushoto."

"Mtu wetu gani?"

Akaacha kumenya. Akanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. "Si kapiteni yenu? Alinifuata jioni ile ile. Akaniambia bandeji ni uongo, bovu ni ya kulia. Akasema amechoka na wewe, unajifanya mkubwa, nikugonge mapema utoke, halafu mimi nifunge mabao. Mimi nikafurahi." Akashika kichwa chake. "Kumbe alitaka mimi nitoke. Refa alikuwa ameambiwa. Alituuza wote wawili."

Hapo kila kitu kikajipanga chenyewe. Mwalimu na refa. Mlingoti wa mbali. Glavu ambazo hazijakauka. Hapakuwa na njia ya kumzuia yule jitu ila kumtoa uwanjani, na hapakuwa na njia ya kumtoa ila kumpa kitu cha kuvunja. Nikawa mimi hicho kitu. Bandeji ilikuwa ya kunituliza mimi na kumhadaa refa, na siri ya bega la kulia ilikuwa ya kumvuta yule jitu. Nilikuwa chambo, na bandeji nilijifungisha mwenyewe, tena nikisema asante.

Nililia mbele yake. Sikuona haya. Yule jitu akanipa chungwa, nami nikalila huku nalia, mtu aliyenivunja bega akiwa ndiye pekee aliyekuja kuniambia ukweli.

Mtu wa kiwanda alikuja kweli siku ya fainali. Akamchukua yule mwenye glavu kavu. Sisi tulihama kota, tukapanga chumba kimoja sote, na mama akapika nje chini ya paa la bati mpaka alipozeeka. Bega langu halikurudi. Likashika hapo lilipo, na mkono ukinyanyuka haupiti kiuno.

Niliporuhusiwa kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja Old Kampala. Nahodha alikuwa dukani anapanga beseni. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, na aliponiona akapiga vigelegele, akaniletea chai kabla sijakaa. "Mwanangu! Tumekuombea kanisani kila Jumapili. Huyu ndugu yako hata kula alikuwa hali vizuri."

Nilikuwa nimekuja kupiga kelele. Lakini nitapigaje kelele mbele ya mama aliyenilisha? Nikangoja mteja aingie, mama akaenda kumwonyesha sufuria, nikamwambia nahodha kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukusimama mbele yangu?"

Akajua kwamba najua. Akaendelea kupanga beseni, kubwa chini, ndogo juu. "Mwalimu ndiye aliyepanga," akasema.

"Mimi sikumuuliza mwalimu. Nimekuuliza wewe."

Akapachika beseni nyingine juu. Kisha akasema, "Tungekuambia, ungekubali. Nakujua. Ungekubali tu. Sasa tungekuuliza ya nini?"

Na laana ya jambo lenyewe ni kwamba alikuwa anasema kweli. Ningekubali. Kwa ajili ya timu ile, kwa ajili yake yeye, angeniambia usiku ule chumbani, "Ndugu yangu, tunahitaji bega lako," ningelitoa huku nacheka. Ningeingia uwanjani nikijua, ningeanguka nikijua, na ningelishika lile kombe kama mtu. Lakini aliona ni rahisi zaidi kuniibia kitu ambacho ningempa.

Sikumwambia hayo. Nikaweka kikombe chini, nikasimama niondoke.

Mama akamaliza na mteja wake, akatuona tumesimama hivyo, kila mtu anatazama kwake. "Nini tena? Mmegombana? Aka! Watu waliokula sahani moja?" Akatoka nyuma ya kaunta, akamsukuma mwanawe mbele yangu. "Haya, peaneni mikono hapa mbele yangu. Sitaki ujinga dukani kwangu."

Nahodha akanyoosha mkono wake wa kulia. Wangu wa kulia ukabaki unaning'inia ulipokuwa. Nikampa wa kushoto.

Mama akashtuka, akajishika mdomo. "Mwanangu! Wa kushoto? Unamsalimia mwenzako kwa mkono wa kushoto?"

"Ndio mzima, mama," nikasema. "Muulize mwanao. Yeye ndiye aliyeufunga."

Akageuka kumtazama mwanawe, akingoja ajibu. Mimi nikatoka.