Kobe wa Pelagia

Mwaka wa sabini na tano kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Lusu kilichimba bwawa la samaki kwa majembe na makarai, na Apolinaria akachaguliwa kulitunza. Alikuwa mjane asiye na maneno mengi. Kila asubuhi alitupa pumba majini, akasimama kuwatazama perege wadogo wakizikimbilia, na hapo moyo wake ukatulia.

Shoga yake alikuwa Pelagia. Walihamishiwa kijijini siku moja, wakajenga nyumba zikitazamana. Chumvi ikiisha kwa huyu, inachotwa kwa yule. Zamani Pelagia alifanya kazi Tabora kwa mhandisi wa kizungu, na mhandisi huyo alipofunga virago alimwachia kobe wanane wa majini. Alikuwa amekuja nao kutoka kwao ng'ambo, wadogo kama vifungo vya koti, kila mmoja ana mstari mwekundu ubavuni mwa kichwa. Sasa walikuwa wakubwa kama sahani, na karai haliwatoshi tena. Pelagia akaomba awatie bwawani. Apolinaria akakataa: watakula vifaranga vya samaki, na bwawa ni la watu wote. Basi, akasema Pelagia, atampa dereva wa lori la pamba awapeleke Igunga. Kesho yake karai lilikuwa tupu. Apolinaria hakuuliza zaidi, maana ya nini kumchunguza mtu wako?

Miezi mitano baadaye wavu ulitoka na samaki wachache mno. Minong'ono ikaanza kwamba mtunzaji anakula peke yake. Mkutanoni mwenyekiti, Mayala, akauliza kama kuna mwenye ushahidi. Apolinaria akamgeukia shoga yake, akijua ndiye atakayemtetea. Pelagia akainuka, macho chini.

"Ndugu mwenyekiti, siwezi kuficha. Harufu ya samaki nimeisikia kwake mara nyingi."

Apolinaria akaondolewa kazini. Hata kanisani watu walikaa mbali naye.

Kiangazi kilipokausha maji, wanakijiji waliingia kuzoa tope. Wakatoa kobe mmoja, wa pili, mpaka wanane, na mstari ule mwekundu ukionekana dhahiri. Watu wakamtazama Pelagia. Nani asiyewahi kuchungulia karai lake?

Apolinaria alimfuata mpaka mlangoni. "Uliwatia lini?"

"Jioni ile ile. Dereva alikataa kuwachukua. Wangekufa, shoga yangu, nikawaonea huruma."

"Kobe uliwaonea huruma. Na mimi je?"

Pelagia akasema aliogopa.

Mayala na wazee wake walikuja kuomba radhi na kumrudishia kazi. Apolinaria aliwashukuru, lakini badala ya kazi akawaomba shamba la pamba upande wa pili wa kijiji. Akapewa, akajenga huko huko.

Walipokutana kisimani Pelagia alimwamkia, "Mwangaluka." Apolinaria aliitikia, kwa kuwa salamu hainyimwi mtu, akajitwika ndoo yake, akaenda zake.